Makovu Sita ya Dada Yangu

Hadi leo watu wa kwetu wakikaa kwenye kilabu cha pombe, na mazungumzo yakafika kwenye ule mwaka wa ndui, hugawanyika pande mbili kama ngoma zinazoshindana. Upande mmoja unasema tungefungiwa tangu siku ya kwanza, kila mtu kwenye kaya yake, watu wasingekufa vile. Upande mwingine unasema kufungiwa ndiko kulikotuua, na kwamba utaratibu wetu wa mwanzo, wa kumtenga mgonjwa na kuwaacha wazima waende shambani, ulikuwa unatosha kabisa. Wakishindwa kuelewana wananigeukia mimi. "Wewe ndiye ulikuwa dresa. Sema, nani mkweli?"

Huwa nasema nimesahau. Sijasahau kitu. Namaliza kikombe changu, nanyanyuka, nao wanacheka kwamba uzee umeninyang'anya akili. Afadhali wacheke.

Dresa, kwa wasiojua, alikuwa mtu wa kuosha vidonda na kugawa kwinini. Nilifundishwa miezi kadhaa mjini Shinyanga, nikapewa kaptula mbili na sanduku la dawa, nikarudishwa kwenye zahanati ya kijiji chetu, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Songwa. Nilirudi na majivuno ya jogoo. Ilikuwa miaka michache tu baada ya vita vya pili vya dunia, na mtu aliyejua kusoma lebo ya chupa aliamkiwa na waliomzidi umri. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa. Aliyenilea alikuwa dada yangu mkubwa, mjane mwenye watoto wawili, na mkuu wa kijiji, mwanangwa kama tunavyomwita, alikuwa baba yangu mkubwa. Yaani ukoo mmoja ulishika kiti na sanduku la dawa pia. Wakati ule niliona ni bahati.

Ndui ililetwa na mdogo wetu. Alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, akarudi mtama ukiwa umeanza kuweka punje, na blanketi jipya begani na kioo cha mkononi alichomletea dada. Kijiji kizima kilikuja kumsalimu. Siku ya tatu homa ikamlaza, akalalamika mgongo, nikampa kwinini. Siku tatu nyingine zikapita, vipele vikatoka usoni, vikashuka kwenye mikono mpaka viganjani. Nilikuwa nimeviona kwenye picha mjini, nikajua. Nikatuma habari kwa Bwana Afya, mkaguzi wa afya wa serikali.

Bwana Afya alikuja kwa baiskeli, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu kwenye kilabu wanapenda kumfanya shetani. Alimkuta baba mkubwa kwenye zizi, ng'ombe wanakamuliwa, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Afya. Mwangaluka. Karibu maziwa."

"Nitakunywa, ila nianze na kazi." Akaeleza. Kila mtu abaki kwenye kaya yake wiki sita. Hakuna shamba, hakuna mnada, hakuna pombe wala msiba wa kukusanyana. Njia zote zifungwe kwa miiba. Wa kwenda kisimani waende kwa zamu, na kila mtu afunge kitambaa puani na mdomoni.

Baba mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. "Na ndege?"

"Ndege gani, mzee?"

"Kwelea. Mtama wangu uko kwenye maziwa, kama hayo yanayokungoja. Shamba likikaa siku mbili bila mtu wa kuamia, siku ya tatu nakata mabua ya kuwashia moto. Sasa nikae ndani wiki sita, nikitoka nile nini? Kitambaa?"

Wakamaji wakacheka. Bwana Afya hakucheka.

"Kijiji cha ng'ambo ya mto mlikifunga mwaka jana," baba mkubwa akaendelea. "Ndui ikaua wachache, mkashangilia. Mvua zilipoanza wakaja hapa na vikapu vitupu. Nimezika watu njiani, Bwana Afya, waliokuwa wanakuja kuniomba michembe ya viazi. Hao uliwaandika kwenye kitabu gani?"

"Sikuwaandika," Bwana Afya akakubali. "Najua walikufa. Lakini tusingefunga, ndui ingeua wangapi? Hujui, na mimi sijui. Kinga ikifanya kazi, watu wanaona kama haikuwa na kazi."

Nilikuwa nimesimama katikati yao, sanduku langu mkononi, na kila aliyefungua mdomo niliona ana haki. Ndivyo ninavyoona hata sasa. Mtu anayeniambia jambo lile lilikuwa rahisi, namhurumia kwa ujinga wake.

Baba mkubwa akaleta hoja ambayo sijawahi kusikia mtu akiijibu vizuri. Akasema mtu anayeamia ndege yuko juu ya dungu lake peke yake tangu jua linachomoza mpaka linazama, na jirani yake yuko mbali, wanapigiana kelele tu. "Huko si ndiko kutengana unakokutaka? Unataka kuwatoa kwenye upepo, uwarundike wake na watoto ndani ya nyumba moja wapumuliane?" Kisha akaeleza desturi ya zamani. Mgonjwa wa ndui hujengewa kibanda nje ya kijiji. Anayemwuguza ni mtu aliyekwisha kuugua ndui akapona, kwa sababu haimrudii mtu. Wengine wote wanakwenda kazini. "Babu zetu walifanya hivyo, na sisi tukazaliwa."

Bwana Afya akazungusha kofia mkononi. Nadhani alikuwa amechoka kufunga vijiji.

"Nani hapa amekwisha kuugua?"

Palikuwa na mzee mmoja tu, kipofu, na hata kujitafutia mlango wake alishindwa. Baba mkubwa akamtaja dada yangu. Ilijulikana ukooni kwamba aliugua vipele akiwa mtoto, na kwamba mgongoni ana makovu.

Bwana Afya akanigeukia. "Dresa, wewe umefundishwa. Mkague. Ukitia sahihi kwamba makovu yale ni ya ndui, nakiacha kijiji wazi, kwa masharti. Usipotia, nafunga leo hii."

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema baba mkubwa, akaniwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa mzito.

Hakuna aliyemuuliza dada kama anataka kwenda. Aliitwa tu kutoka shambani.

Nilimkagulia ndani ya zahanati, karibu na dirisha, mlango umefungwa. Akashusha kaniki mabegani, akanigeuzia mgongo, huo mgongo uliokuwa umenibeba. Makovu yalikuwa sita. Matano mgongoni, madogo, na moja ubavuni. Nikamwambia ageuke. Uso wake ulikuwa laini. Nikamshika mikono, nikavitazama viganja, nikamwambia anyanyue nyayo. Hapakuwa na kitu isipokuwa sugu za jembe. Na mwalimu wetu mjini alikuwa ametuimbisha kama watoto: ndui hupenda uso, viganja na nyayo, tetekuwanga hupenda kifua na mgongo. Tetekuwanga haimkingi mtu na ndui.

"Dada, uliumwa sana?"

"Walisema niliumwa."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Nilikuwa mdogo." Alikuwa ananitazama moja kwa moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Wewe ndiye uliyesoma. Unaonaje?"

Kumchanja nisingeweza. Dawa ya chanjo iliyoletwa wakati wa kiangazi ilikuwa imefika imeiva kwa jua. Niliwachanja watu wote, yeye pia, nikarudi baada ya wiki kutazama mikono yao, na hapakuwa na kidonda hata kimoja. Ilikuwa dawa mfu. Nyingine tuliahidiwa, haikuja. Aliyechanjwa ikashika alikuwa mmoja, na huyo ni mimi. Nilichanjwa nikiwa mafunzoni, na kovu lake liko begani mpaka leo. Ningeweza kumwuguza mdogo wangu mimi mwenyewe. Nilijiambia nina zahanati ya kuangalia, na kwamba kulisha na kuosha mgonjwa ni kazi ya wanawake. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimeviona vipele vile, na sikuiamini chanjo yangu niliyokuwa nawahubiria wenzangu.

Nikafikiri juu ya mtama. Nikafikiri juu ya wale watu wa vikapu vitupu. Nikajiambia makovu ya viganjani hufutika kwa kulima. Hilo sikufundishwa na mtu, nililibuni pale pale dirishani.

"Ni ndui," nikasema.

Dada akapandisha kaniki yake polepole. "Haya," akasema.

Nikaandika karatasi, nikatia sahihi.

Kibanda kikajengwa kwa mabua ng'ambo ya kijito, mdogo wetu akahamishiwa huko. Masharti yalikuwa mepesi: asiingie mtu mwingine, pasiwe na ngoma wala pombe, mnadani watu wasiende, na mwuguzaji afunge kitambaa cha merikani puani. Hilo la kitambaa lilishindikana tangu mwanzo. Kwetu kuziba pua mbele ya mgonjwa ni kumwambia ananuka, na mtu anayeoza hahitaji kuambiwa. Dada alikifunga Bwana Afya akiwapo, na akiondoka alikifungia michembe ya watoto. Nilimwona, nikanyamaza, maana kwa karatasi yangu mwenyewe hakukihitaji.

Asubuhi na jioni alikwenda kibandani. Mchana alikuwa juu ya dungu lake na watoto wake, akirusha mawe kwa kombeo. Alitwanga na mwanamke jirani yake kama siku zote. Kwa nini asitwange? Ndui haimrudii mtu.

Nataka nitende haki: siku zile utaratibu ulionekana kufanya kazi. Zilipita zaidi ya wiki mbili tangu mdogo wetu alipofika, na kati ya wote waliomsalimu hakuna aliyeugua. Mdogo wetu alipoteza jicho moja lakini magamba yalianza kukauka. Mtama ukaiva, mashamba yakajaa makelele ya watu wanaotaniana kutoka dungu hadi dungu. Bwana Afya alipokuja kukagua, baba mkubwa alimuuliza miiba yake ameipanda wapi, mbona haioti. Bwana Afya akacheka, akala michembe, akasema labda ataandika kuhusu jambo hili wenzake wajifunze. Nililala vizuri wiki ile. Nalitaja hilo kwa aibu.

Siku ya kumi na tatu tangu aanze kuuguza, dada alishuka kwenye dungu mchana, akasema mgongo unamuuma. Nikampa kwinini. Nilimpa nikijua, nikamwaga vidonge chini, na yeye akaviokota, akavipuliza vumbi, akanirudishia.

Vipele vikatoka usoni kwanza. Hapo kijiji kizima kikaelewa kwamba hakuwahi kuugua ndui maishani mwake. Kitinda mimba wake akafuata, na yule mwanamke waliyetwanga pamoja, na nyumba ya yule mwanamke.

Bwana Afya akaja na askari wa mtemi. Hakunigombeza. Alitoa ile karatasi mfukoni, akaisoma, akanitazama, akairudisha. Natamani angenipiga. Njia zikafungwa kwa miiba, watu wakafungiwa kwenye kaya. Wale wa kilabuni wanaosema kufunga ndiko kulikotuua wanasahau kwamba ndui ilikuwa imekwisha kuingia ndani, kwa hiyo tulifungiwa pamoja nayo. Na wale wanaosema tungefunga mapema wanasahau kwelea.

Walikuja siku ya pili. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, ule mvumo wao kama mvua inayotembea, wakashuka kwenye mtama uliokuwa umebakiza siku chache uvunwe. Watu walisimama kwenye milango yao wakitazama. Mwanamume mmoja akatoka mbio na kombeo, askari wakamrudisha. Baba mkubwa alisimama kwenye uwanja wake akipiga debe, akipiga kelele kuelekea mashamba yaliyokuwa mbali mno kumsikia, mpaka sauti ikakauka. Hakutania mtu tena baada ya siku ile. Tulipata ndui ya watu waliokataa kujifungia na njaa ya watu waliojifungia, zote mbili katika mwaka mmoja, na kwenye mvua zilizofuata ni sisi tuliobeba vikapu vitupu.

Sasa sikuwa na pa kukimbilia, nikaingia kibandani mimi. Mdogo wetu alikuwa amekwisha kutoka. Nilimkuta dada na mtoto wake kwenye ngozi moja. Mtoto alikufa siku ya pili, nikambeba nje nikiwa nimemwambia dada kwamba nampeleka kumwogesha. Hakuuliza kwa nini sirudi naye. Macho yake yalikuwa yamevimba yakafumba, asione chochote. Nilifunga kitambaa puani, kama Bwana Afya alivyoamuru, nikamlisha uji kwa kijiko, na uji ulikuwa ukirudi.

Siku moja mchana, homa ikiwa imemwacha kidogo, nilishindwa kuendelea kukaa na jambo lile moyoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mwingine.

"Dada," nikasema, "yale makovu hayakuwa ya ndui. Niliyaona siku ile. Nilijua."

Akageuza uso kunielekea.

"Ilikuwa tetekuwanga," akasema. "Mama aliniambia. Wewe ulikuwa bado tumboni."

Nilimwelewa, lakini nikajifanya sikuelewa. Nikamuuliza kama na yeye alijua.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, ng'wanone?" Aliniita mwanangu, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo. Sauti yake ilikuwa imechakaa, anameza kila baada ya neno. "Baba mkubwa ananitazama, kijiji kizima kinangoja shamba. Niseme siendi kwa ndugu yangu? Mwanamke gani anasema hivyo, akabaki na watu wa kumsalimu? Neno lile si langu kusema. Mtu husemewa." Akapumzika. "Nilipoona ni wewe umetumwa kunikagua, nikashukuru. Nikasema huyu amesoma, huyu ataona. Nikavua nguo mbele yako ili uone, useme hapana. Nilikutazama mpaka mwisho."

Nilikuwa nalia ndani ya kitambaa, kimelowa kimenibana pumzi, na sikukifungua.

"Nikangoja," akasema. "Ukasema ni ndui."

Akaomba maji. Nikampa, alikunywa kidogo, mengine yakamwagikia shingoni, nikayafuta. Alikufa kesho yake kabla ya saa sita, na nikamzika mimi peke yangu, maana amri ilikataza watu kukusanyika msibani.